Salamu za Mayu Milembe

Nilijitolea mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu wanaosema nilishurutishwa, na wengine, wenye huruma ya kupita kiasi, husema nilikuwa kijana, sikujua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina mke, nina jembe langu, na nilijua vizuri sana. Ng'ombe kumi na tisa wa baba yangu, mzee Maganga, walikuwa wametolewa zizini wiki moja kabla. Tulifuata nyayo zao siku tatu mpaka zikapotelea kwenye mawe huko Meatu. Niliporudi sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mtemi wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, nikaruka upinde uliolazwa mbele ya mlango wake, nikala kiapo.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na tisa. Serikali ilikuwa imeshatutambua, tukaitwa jeshi la jadi, jina kubwa kwa watu wenye upinde, filimbi na katambuga za tairi. Mshahara hakuna, posho hakuna. Kulikuwa na heshima. Heshima si mboga, ingawa miaka miwili ya mwanzo niliilia ugali nikashiba.

Mwaka wa tano ikanikinaisha. Wakati huo mambo yalikuwa yamefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuja na malori yao mpaka huku kwetu Zagayu, wanapima na kulipa hapo hapo, wakati zamani tulikuwa tunakopwa na kusubiri mpaka mvua nyingine. Wenzangu wakaezeka bati. Wakavaa mitumba yenye kola nzuri, redio zikalia kila kaya. Shamba langu mimi lilikuwa na magugu marefu kuliko pamba, maana kila palizi ikifika filimbi inalia, na ikilia unaacha jembe pale pale lilipo unakwenda. Kazi ya kujitolea haina likizo, kwa sababu haina mwajiri wa kumwomba.

Felisita, mke wangu, alivumilia palizi tano. Ya sita, Januari ya mwaka wa tisini na tano, nilirudi kutoka kufuata nyayo siku nane nikakuta amekunja nguo zake, na jembe limeegemezwa mlangoni, limeoshwa. Aliniambia anakwenda kwao Kiloleli. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema siku nitakayorudisha filimbi nimpelekee habari, atapanda gari.

"Mimi niliolewa na Shigela," alisema. "Kijiji hakikunitolea mahari."

Nikaenda kwa Mboje, mtemi wetu, kumwomba aniachie. Mboje alikuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote pale kwetu, na usingizi mchache kuliko wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema askari haachi upinde kwa sababu mke amenuna, lakini miaka yangu sita ingetimia Juni. Nikifika Juni bila doa, atanitoa mbele ya mkutano kwa heshima zote. Nikipata doa moja, naanza kuhesabu upya. Kisha akanipa zamu ya mwisho, akasema ni rahisi, sina mtu wa kumkimbiza. Nikae tu.

Niliyepangiwa kumlinda alikuwa Milembe, mjane aliyeishi pembeni ya kitongoji kwenye nyumba yenye ua wa minyaa. Watu wa rika langu tulimwita mayu, yaani mama. Mwizi mmoja aliyekamatwa alikuwa amemtaja Januarius, mtoto wake wa pekee, kuwa ndiye aliyewaonyesha wezi njia ya kuingilia mazizi yetu. Januarius alitoroka kabla hajaulizwa, kwa hiyo akaulizwa mama yake: yuko wapi? Akasema hajui. Kwa desturi mtu huulizwa mara tatu, na mara zote tatu alisema hajui. Basi Februari akatengwa.

Kwa asiyejua, kutengwa kwetu si kupigwa wala kufukuzwa. Unabaki pale pale ulipo, ila watu hawapo tena. Hakuna anayekusalimu, wala anayeitika ukisalimu. Hupewi moto, huuziwi chumvi wala kiberiti, mashine haikusagii unga. Kisimani unasimama mbali mpaka wote waondoke. Atakayekuitikia atatoa dume la ng'ombe, kisha atatengwa pamoja nawe. Niliwahi kumwona mwizi mmoja, mwanaume mwenye kifua, aliyekula fimbo bila kutoa sauti. Siku ya nne ya kutengwa alikaa chini katikati ya njia akalia, kwa sababu shangazi yake alimpita kama anavyopita kichuguu.

Sasa shida ya Mboje ilikuwa moshi. Kila jioni moshi ulitoka kwa Milembe, na kila jioni Mboje aliutazama akiwa ukingoni mwa zizi lake. Aliamini yuko mtu anayempelekea moto kwa siri, na kwamba huyo ndiye anayejua Januarius alikojificha. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya jiwe kati ya nyumba ya Milembe na kisima, tangu alfajiri mpaka jua linapozama, nione ni nani atamsogelea.

Hakuna aliyemsogelea. Tatizo ni kwamba hakuna aliyenisogelea na mimi. Watu waliiacha njia ile wakatengeneza nyingine ya kuzungukia mabondeni, kwa kuogopa kudhaniwa. Siku nzima nilitazama kuku, mbuzi, na kivuli changu kikifupika na kurefuka. Jioni nilirudi kupika ugali wa mtu mmoja, ugali ambao hauna kipimo: ama unabaki, ama hautoshi. Nilikuwa mpweke, na sikuwa na wa kumwambia, jambo ambalo nadhani ndilo maana yenyewe ya neno.

Asubuhi ya kwanza Milembe alitoka na ndoo kichwani, akaja mpaka mbele ya jiwe langu, akasimama.

"Mwangaluka, baba," akasema, kama anavyosalimu kila Msukuma asubuhi.

Nikatazama kisima.

Alingoja muda ule ule ambao mtu angeutumia kuitika, kisha akajiitikia mwenyewe, kwa sauti nzito kidogo: "Mwangaluka, mayu." Akaendelea. Nimelalaje? Mhola tu, salama. Nyumbani je? Mhola. Mke? Mhola. Shamba? Mhola. Na ng'ombe? Mhola, mayu, wazima kabisa. Alipomaliza upande wake na upande wangu, akashukuru, akaenda kuteka maji.

Sisi salamu si neno la kurusha huku unapita. Unaanzia usingizini, unapita nyumbani, unapita shambani, unafika kwa ng'ombe, na ng'ombe wanakuja mwisho kwa sababu wao ndio wazito. Mtu akikukatiza kabla hujaulizwa ng'ombe, amekutukana, na wapo waliovunja uchumba kwa jambo hilo. Kwa hiyo nilipoona mtu aliyetengwa anasimama mbele yangu na kuzipanga salamu zote pasipo kuruka hata moja, nilidhani ananidhihaki. Nikakunja uso. Kesho yake akaja tena, akasalimu tena, akaitika tena.

Nikazoea. Baada ya wiki mbili nikawa naamka nikiwaza atachelewa au hatachelewa. Na yeye, kidogo kidogo, akaanza kubadilisha majibu yangu. Alipita karibu na shamba langu akienda kutafuta kuni, maana asubuhi moja alijiuliza, "Shamba?" akajijibu kwa ile sauti yangu nzito, "Magugu, mayu, magugu matupu, pamba imejificha." Kesho yake: "Mke?" "Bado yuko kwao. Amenuna, na ana haki." Nilijiuma shavu nisicheke. Siku nzima sikusikia maneno mengine, na hayo machache yalikuwa yangu, yametoka kwenye mdomo wa mtu ambaye sikuruhusiwa kumwona.

Aprili mfanyabiashara wa dagaa aliniletea karatasi kutoka Kiloleli. Felisita aliandika kwamba amepanda nyanya na zimeshika vizuri. Aliandika kwamba huko watu hulala mpaka asubuhi, na kwamba ameanza kusahau mlio wa filimbi. Mwisho aliandika: Juni si mbali. Niliisoma pale jiweni kila siku, mpaka mikunjo yake ikachanika. Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka kupalilia shamba langu mwenyewe hadi mstari wa mwisho, kuuza pamba yangu mwenyewe, na kulala kitandani na mke wangu bila kutega sikio. Sijui kwa nini mambo madogo namna hiyo yalihitaji ruhusa ya mkutano.

Mwezi ule ule niligundua siri ya moshi. Milembe alikuwa anaokota mavi makavu ya ng'ombe kwenye njia ya mifugo, anayaweka kwenye ungo, anachagua moja moja kama mchele. Mavi ya ng'ombe ukiyafukia vizuri kwenye majivu hayazimiki usiku kucha, kila mtu kwetu analijua hilo. Hakuna aliyekuwa anampelekea moto. Moto wake haukuwahi kuzimika tangu siku aliyotengwa. Alikuwa anaamka usiku kuulisha, kama unavyolisha mgonjwa.

Nilikwenda kumweleza Mboje. Alitikisa kichwa, akasema moto wa miezi miwili bila mkono wa mtu mwingine hajawahi kuusikia. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Akasema macho ya mtu anayetaka kwenda nyumbani huona haraka. Nirudi nikakae.

Nikarudi nikakaa.

Lile kosa nililifanya Mei, asubuhi yenye baridi. Milembe alikuja na ndoo yake, akasimama, akaanza. Usingizi, nyumbani, mke, shamba, yote aliyauliza na kuyajibu. Akafika kwa ng'ombe.

"Wazima, mayu," akanijibia. "Kumi na tisa wote, wamenenepa."

"Hawapo," nikasema.

Lilitoka kabla sijajua kwamba nina mdomo. Mtu anaweza kusema mke wangu amenuna, anaweza kusema shamba langu ni pori, nikavumilia. Lakini kusikia ng'ombe wa baba yangu wamenenepa, na idadi yao imetajwa, kisha nikae kimya idadi hiyo ipite hivi hivi hewani kama kweli, hilo hakuna mtu wa kwetu angeliweza. "Hawapo," nikasema tena, kwa kuwa la kwanza lilikuwa limeshatoka. "Waliibwa."

Milembe alishika ndoo kichwani kwa mikono miwili. Kwa miezi mitatu na nusu hakuwa amesikia sauti isiyo yake.

"Pole, baba," akasema taratibu. Kisha akasema, "Na wangu hayupo. Ningekuwa najua aliko, ningemfuata, nisingekaa hapa kuzungumza peke yangu."

Akaenda kisimani. Niliangalia pande zote. Kulikuwa na mbuzi mmoja tu, na mbuzi hatoi ushahidi. Lakini nilikuwa nimeshapata doa, na juu ya doa nilikuwa nimepata kitu kingine kibaya zaidi. Nilikuwa nimemwamini. Hakujua aliko mwanawe. Tulikuwa tumemtenga mtu kwa kukosa jibu ambalo hakuwa nalo.

Toka siku hiyo aliendelea kunisalimu, lakini aliishia shambani. Akifika pale palipo na ng'ombe, aliwaruka, akashukuru, akaondoka. Nilielewa. Alikuwa ameshajua ni wapi mlango wangu haufungi, na hakutaka kuusukuma.

Mkutano ulikuwa Juni, kwenye uwanja wa mnada. Wanaume walikaa kwa mistari, pinde magotini. Mboje alisimama akaeleza kwamba Shigela ng'wana Maganga ametumikia miaka sita, amefuata nyayo mpaka miguu imebadilika umbo, na leo anaomba kurudi kwake. Akauliza nani ana neno naye. Watu wakanyamaza, ishara njema. Kisha akasema bado mtu mmoja hajaulizwa, akaagiza Milembe aletwe.

Alisimamishwa mbali, hatua thelathini hivi, mahali wanaposimama waliotengwa. Alikuwa amepungua sana. Kule jiweni nilimwona kila siku nisitambue. Pale, mbele ya watu walioshiba, nilitambua. Mboje alipaza sauti. Alimwambia kwamba hafurahii kumtesa mwanamke wa umri wake. Amtaje tu aliyempa moto, au aliyeitika salamu yake, mtu yeyote, hata mmoja. Akimtaja, kutengwa kwake kunaisha pale pale, na kila aliyepo uwanjani atampa mkono kabla jua halijazama.

"Tangu Februari," Mboje akauliza, "nani amekusemesha?"

Milembe alitupitia kwa macho, mstari kwa mstari. Kwangu hakukawia kuliko kwa wengine.

"Hakuna," akasema.

"Hata askari wetu?"

"Yule?" Akanionyesha kwa kidevu. "Mimi nilidhani mmeniletea bubu."

Uwanja mzima ukacheka. Mboje naye alicheka, jambo la kutokea mara moja kwa mwaka. Na mimi nilicheka. Nimelirudia hilo moyoni mara nyingi nikitafuta namna ya kulisema vizuri, sijaipata. Nilicheka pamoja nao.

Ningeweza kusimama. Miguu ilikuwa mizima, na kinywa, kama nilivyokwisha kuthibitisha, kilikuwa kinafanya kazi. Neno moja langu lingemfungua yule mama. Lakini neno hilo hilo lingenitenga mimi na kunifunga miaka mingine, na Felisita angebaki Kiloleli na nyanya zake mpaka nyanya zimzoee. Nilinyamaza. Sitaki kusingizia kiapo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kwenda nyumbani.

Nilirudisha upinde, nikarudisha filimbi. Mboje alinishika mikono yote miwili mbele ya watu akasema huyu ni mtu safi. Jiwe langu akapewa Athanasi, kijana mpole niliyewahi kumfundisha mimi mwenyewe jinsi ya kupuliza filimbi, pumzi ndefu mbili na fupi moja. Milembe alirudi kwake peke yake kwa ile njia isiyo na watu.

Felisita alikuja kama alivyoahidi. Nilimpokea stendi ya Bariadi, tukanywa chai ya maziwa kwa Mwanamisi, mama wa Kiislamu mwenye mgahawa pale jirani, na Felisita akala maandazi manne huku akinitazama kama anayekagua bidhaa iliyokaa ghalani. Pamba yangu ilikuwa kidogo, lakini ilitosha kununua baiskeli kuukuu. Tulirudi nayo, yeye nyuma, mzigo wake magotini, akiimba nyimbo za kwaya. Tulilala mpaka jua likaingia ndani. Nilipata kila nilichokuwa nimekitaka, na sitasema uongo kwamba hakikuwa kitamu.

Ila salamu zilinishinda. Kila niliyekutana naye njiani alikuwa na hamu ya kumsalimu mtu safi, kwa urefu, bila kuruka. Nyumbani? Mhola. Shamba? Mhola. Ng'ombe? Pale nilikwama kila mara. Nilisema "hawapo" kama nilivyosema miaka yote, lakini sasa kila nikilisema nilimwona yule mama na ndoo yake, mikono miwili juu. Watu walidhani bado nawalilia ng'ombe.

Jioni moja, tukichambua pamba iliyobaki, nilimweleza Felisita yote. Hakusimamisha mikono. Aliendelea kutoa majani na takataka kwenye pamba, akaweka safi upande huu na chafu upande ule, mpaka nikadhani hakunisikia.

"Ungesema siku ile," akasema mwishowe, "mimi ningekuwa bado Kiloleli."

"Ndiyo."

"Na yeye angekuwa anasalimiwa."

Usiku ule hakuimba.

Agosti maji yalikuwa yamepungua, kisimani watu walikaa foleni. Asubuhi hiyo nilikwenda na Felisita, madumu yamefungwa kwenye baiskeli. Wanawake kama kumi walikuwa wanachota kwa kata, wanasubiri maji yajae, wanazungumza. Athanasi alikuwa kwenye jiwe langu. Niligundua kwamba nilikuwa naliita bado jiwe langu.

Milembe akatokea kwenye njia. Mazungumzo yakazimika. Alisimama mbele ya Athanasi, nikasikia kile nilichokuwa nakisikia kila siku: mwangaluka, baba, mwangaluka, mayu, usingizi, nyumbani, shamba. Athanasi alitazama kisima kwa uso ule ule wa mbao niliomfundisha. Milembe akafika mwisho, akashukuru, akaja upande wetu kwenda kusimama mbali asubiri.

Alipaswa kupita mbele ya baiskeli yangu. Nilijiandaa. Nilikuwa raia kama wote sasa, nisingeitika, ningetazama tairi. Nilikuwa nimeshachagua hata spoku nitakayoitazama.

Akapita kimya.

Hakunisalimu. Hakupunguza mwendo, hakunitupia jicho, alinipita kama ninavyompita yeye. Nikabaki nimeshika usukani. Mwanzo nilidhani ananichukia, na nikaona ni haki. Kisha nikaelewa, na bora ingekuwa chuki. Athanasi aliweza kusalimiwa kwa sababu Athanasi haitiki. Lakini mimi alinifahamu. Katika watu wote wa Zagayu, mimi ndiye pekee ambaye salamu ya Milembe ingeweza kumponza, kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyewahi kuitika. Alikuwa ameamua kubaki na salamu moja pungufu ili mimi nibaki na baiskeli yangu na mke wangu.

"Mwangaluka, mayu," nikasema.

Kata ya mtu ikaanguka majini. Felisita alinitazama, kisha akashika usukani kwa upande wake ili madumu yasituangushe. Milembe aliendelea kutembea. Hakuitika, na nilijua hataitika, kwa hiyo nilifanya kama alivyonifundisha. Nilingoja muda ule ule. Kisha nikamjibia.

"Mwangaluka, baba," nikasema kwa sauti nyembamba kidogo. Kuna mwanamke alitaka kucheka, akaacha. Nikaendelea, kwa nguvu, ili Athanasi asikie na mkutano uje usikie kwa Athanasi. Umelalaje, mayu? Mhola, baba, nauamkia moto tu. Nyumbani je? Kimya, baba. Mtoto? Hayupo, baba, na sijui aliko, kama nilivyokwambia Mei uliponiitikia. Shamba? Nalima ninapoweza. Asante, mayu. Asante, baba.

Nilikuwa nimemaliza. Hakuna aliyesogea. Athanasi alikuwa amesimama juu ya jiwe, filimbi tayari mdomoni, mashavu yamejaa pumzi ndefu ya kwanza. Sikumlaumu, ndiyo kazi yake.

Milembe akasimama. Alikuwa ametugeuzia mgongo, ndoo kichwani, mikono miwili juu.

"Umesahau ng'ombe," akasema.

Ni kweli, nilikuwa nimewaruka. Nilizoea kuwaruka tangu Mei.

"Ng'ombe wa mzee Maganga," akasema, na sasa aligeuka, akaniuliza usoni, mbele ya kila mtu, kama mtu anavyomuuliza mtu. "Wamo zizini, baba? Hawajambo?"

Athanasi alibaki na filimbi mdomoni. Hakupuliza. Mashavu yalikuwa yamejaa, macho yamemtoka, lakini naye ni mtoto wa kwetu, amelelewa, na mtu akishaulizwa ng'ombe hakatizwi. Akangoja nijibu.

"Hawapo, mayu," nikasema.

Ndipo akapuliza.